Jinsi ya Kuendesha Otokrosi, na Mahali Ambapo Kila Gari Hukutaka Usubiri

Msomaji wa Kenya anaposikia neno otokrosi huenda akaona vumbi, vigari vilivyoundwa kwa mabomba ya chuma na magari ya Subaru yakizunguka kiwanja cha udongo. Otokrosi inayoelezwa hapa ni ile ya Marekani, ambayo ni mchezo wa lami tupu: klabu hukodi uwanja mkubwa wa maegesho au kipande cha uwanja wa ndege wa zamani, hupanga mamia ya koni za rangi ya chungwa mpaka zikawa njia yenye kona nyingi, na kila dereva huipita njia hiyo peke yake akishindana na saa. Chama kikubwa cha mchezo huu ni Sports Car Club of America, kilichoanzishwa mwaka 1944, ambacho huuita Solo, na tangu 2009 mashindano yake ya taifa yamekuwa na makao yake mjini Lincoln, Nebraska, juu ya zege la uwanja wa ndege, ambako madereva zaidi ya elfu moja hukutana kwa wiki moja.

Mpito mmoja huchukua kati ya sekunde 30 na dakika moja, dereva hupewa mipito mitatu hadi sita kwa siku, na muda wake bora ndio unaohesabiwa. Karibu njia yote hupitwa kwa gia ya pili, na mwendo wa juu kabisa ni ule ambao mtu angeukuta kwenye barabara kuu. Koni moja ikiangushwa, au ikisukumwa ikatoka kabisa nje ya kisanduku kilichochorwa kuizunguka, dereva huongezewa sekunde 2. Akikosa mlango wa koni, mpito wote hufutwa. Katika mchezo ambao washindani hutengana kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde, sekunde mbili ni nyingi mno.

Nimekaa kwenye mchezo huu misimu kadhaa, na jambo ambalo ningependa mgeni alielewe kabla hajaanza kuuliza bei za magari ni kwamba kila gari lina mahali fulani ndani ya kona ambapo linakutaka usubiri. Mahali hapo huamuliwa na pale injini ilipowekwa, na magurudumu yanayoendeshwa na injini hiyo, na uzito wa gari zima. Aliyepajua katika Miata iliyochoka, gari dogo la Mazda, humshinda mwenye Corvette, gari la Chevrolet lenye nguvu nyingi, ambaye bado anapatafuta, na nimeona hivyo mara nyingi kiasi kwamba siku hizi watu hawaulizani tena.

Kabla ya siku yenyewe

Gari la mashindano halihitajiki. Karibu gari lolote la chini lenye breki nzima na matairi ambayo hayajaisha litakubaliwa, ila magari marefu ya jamii ya Land Cruiser kwa kawaida hukataliwa, kwa kuwa gari lenye kimo kikubwa kuliko umbali kati ya magurudumu yake ya kushoto na ya kulia linaweza kupinduka pale tairi linapong'ang'ania lami kwenye kona kali. Ada ya siku nzima huwa ni makumi kadhaa ya dola, na sehemu ya malipo hulipwa kwa jasho: kila dereva hupangiwa zamu ya kusimama uwanjani akiokota koni na kuripoti zilizoanguka.

Helmeti ni lazima, nayo iwe na kibandiko cha Snell, shirika linalopima ubora wa helmeti, cha toleo ambalo kanuni za mwaka huo bado zinalitambua. Ya pikipiki yenye alama ya M hukubaliwa sawa na ya magari yenye alama ya SA. Kwa kuwa klabu nyingi huazima helmeti, mgeni asinunue mpaka ajue kama mchezo umemwingia.

Gari litolewe kila kitu kilicholegea, yaani spea, jeki, miwani, sarafu za mlangoni na zulia la upande wa dereva, kwa sababu chupa ya maji iliyobingirika hadi chini ya pedeli ya breki ni hatari kuliko kona yoyote utakayokutana nayo siku hiyo. Mkaguzi atatikisa betri aone kama imefungwa, atashika kila gurudumu na kulisukuma huku na huku, na atakanyaga breki kusikia kama pedeli inazama. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, wala si kwa kuruka juu ya spana kama tunavyofanya njiani tairi linapopasuka.

Kuhusu upepo wa matairi, anza na kipimo cha kiwandani kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, kisha ongeza psi tatu au nne, maana tairi la kawaida lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kona inapokaza na likaanza kutembelea mahali ambapo halikuundwa kutembelea. Chora mstari wa chaki kutoka kwenye kashata za tairi ukishuka ubavuni. Baada ya mpito wa kwanza mstari huo utakuonyesha tairi limelala mpaka wapi: chaki ikifutika kupita ukingo wa kashata, upepo ni mdogo, ikibaki hata juu ya ukingo wenyewe, upepo umezidi.

Vipuri visinunuliwe bado. Chama kimegawa magari kwa madaraja, na daraja la chini, linaloitwa Street, huruhusu mabadiliko machache tu, kwa mfano kubadilisha shokapu, pedi za breki na fimbo moja ya kuzuia gari kulalia upande, pamoja na matairi ambayo namba ya uchakavu iliyochapwa ubavuni si chini ya 200. Mgeni aliyefunga springi fupi na kompyuta ya injini kabla ya kujiandikisha hujikuta amepanda madaraja mawili juu, akishindana na watu wenye magari yaliyoundwa upya kutoka chini hadi juu. Na kwa kuwa muda wa kila dereva huweza kuzidishwa kwa namba maalumu ya daraja lake ili magari yote yalinganishwe, kila badiliko lina bei yake kwenye karatasi ya matokeo. Pesa zikiwapo, zitumike kwanza kwenye matairi.

Kuitembea njia

Asubuhi, kabla ya gari la kwanza kuondoka, madereva huruhusiwa kuitembea njia kwa miguu. Hapa ndipo siku inapopatikana au kupotea, na kwa hiyo nakaa hapa kidogo.

Itembee mara tatu kwa uchache. Mara ya kwanza ni ya kujua tu njia inakwenda wapi: koni mbili zilizosimama ni mlango, na koni iliyolazwa chini hukuonyesha kwa ncha yake upande wa kupita. Mara ya pili itembee peke yako, bila mazungumzo, ukisimama kila kona na kujiuliza koni ipi hasa inayotawala pale. Uwanjani kuna koni mia mbili au tatu, lakini zenye maana hazifiki ishirini. Nyingine ni mapambo ya kuonyesha ukingo, na dereva anayeziangalia zote haoni hata moja. Mara ya tatu tembea kwa mwendo wa haraka ukijisemea kichwani utakachofanya: breki hapa, subiri, mafuta, macho kule.

Katika moja ya mizunguko hiyo, chuchumaa mpaka macho yako yafikie kimo cha kiti cha gari. Njia iliyoonekana wazi ulipokuwa umesimama hugeuka ghafla kuwa ukuta wa rangi ya chungwa, na ni afadhali ushtuke ukiwa umechuchumaa kuliko ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Mimi siku yangu ya kwanza sikuchuchumaa. Kwenye kona ya tatu nilipotea, nikazunguka uwanjani kama ng'ombe aliyekata kamba, huku waokota koni wakinyoosha mikono kunionyesha pa kutokea.

Tafuta pia ufa wa lami, changarawe na mahali uwanja unapoinama kidogo kwa ajili ya maji ya mvua. Kona inayoinamia ndani hukusaidia kushika lami. Inayoinamia nje hukunyang'anya.

Macho, mikono na miguu

Tairi lina mshiko wa kiasi fulani tu, na mshiko huo hugawanywa kati ya kufunga breki, kukata kona na kuongeza mwendo. Ukiutumia wote kwa breki, hakuna unaobaki wa kukata kona. Ndiyo maana mgeni anayefika konani akiwa amekanyaga breki hadi mwisho huku akizungusha usukani huona gari likiendelea mbele kana kwamba usukani haujaunganishwa na kitu. Uzito nao huhama: ukifunga breki huenda mbele, ukikanyaga mafuta hurudi nyuma, ukikata kushoto hulalia kulia. Tairi lililoelemewa hushika zaidi, lakini mshiko hauongezeki kwa kiasi kilekile uzito ulivyoongezeka, kwa hiyo uzito mwingi unapoangukia upande mmoja, jumla ya mshiko wa gari hupungua. Mikono ya pupa ndiyo inayolipa hasara hiyo.

Kutokana na hayo, breki ifungwe gari likiwa limenyooka, kwa nguvu na mapema kidogo kuliko unavyotamani, kisha iachiwe taratibu wakati usukani unaanza kuzunguka, ili pua ya gari ibaki na uzito wa kuikatia kona. Gari linalotoka kilomita 80 kwa saa linahitaji karibu mara 1.8 ya umbali wa kusimama kulinganisha na lile la kilomita 60, nayo ni tofauti ambayo macho ya mgeni huidharau. Mfumo wa ABS, unaozuia magurudumu yasijifunge, ukianza kutetemesha mguu, usishtuke wala usiachie. Ni ishara tu kwamba umefika mwisho wa mshiko.

Macho yatangulie. Ukiwa katikati ya kona ya kwanza, tayari unatafuta koni tawala ya kona ya pili, hata kama ni lazima uitazame kupitia dirisha la pembeni. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 17 kila sekunde, na ubongo unaosubiri koni ifike mbele ya boneti ndipo uamue umekwisha chelewa.

Kidhibiti cha kompyuta kinachozuia gari kuteleza kiache kimewaka kwa mipito ya kwanza. Baadaye kizimwe, kwa kuwa katika magari mengi hukata nguvu ya injini pale unapoihitaji, lakini si kabla hujajua mkia wa gari lako hutoka namna gani.

Njia moja, magari tofauti

Tuchukue njia ya mfano: unaanza kwa mkimbio mfupi, unaingia zigizaga ya koni tano, unatoka kwenye kona ndefu ya nusu duara, kisha unakutana na milango miwili iliyopishana na kumalizia kwa mstari mfupi hadi kwenye saa. Kumbuka kwamba saa huanza kuhesabu gari linapokata mwali wa taa, si bendera inaposhushwa, kwa hiyo hakuna faida yoyote ya kuondoka kwa pupa.

Zigizaga ndiyo inayowatesa wengi. Koni zikiwa zimeachana mita 20 na gari likienda kilomita 60, unakutana na koni mpya kila sekunde 1.2, na siri yote ni kuwa mapema: usukani uanze kurudi upande wa pili kabla pua haijaifikia koni, ili gari liwe karibu kabisa na koni wakati magurudumu ya nyuma yanapoipita. Ukichelewa kidogo kwenye koni ya kwanza, utachelewa zaidi kwenye ya pili, na kwenye ya nne utalazimika kufunga breki. Ingia polepole kidogo, utoke ukiongeza mwendo.

Hapa upana na uzito wa gari hujionyesha waziwazi. Mazda MX-5, ambayo Wamarekani wote huiita Miata, katika umbo lake la sasa ina upana wa mita 1.73 na uzito unaozidi kidogo kilo 1,060. Corvette ya mwaka 2020 na kuendelea ina upana wa mita 1.93 na uzito unaozidi kilo 1,600. Hizo sentimita 20 zinaonekana chache, lakini mwenye Corvette lazima auhamishe mwili wa gari pembeni zaidi katika kila koni, kwa muda uleule, akiwa na zaidi ya nusu tani ya nyongeza inayokataa kubadili upande. Nguvu zake 490 za farasi hazimfai kitu hapo. Dereva wa Miata huingia zigizaga kwa kuachia mafuta tu bila breki, na husokota gari kwa mikono midogo. Wa Corvette hana budi kutulia, aanze kila mkato mapema zaidi, na auache mguu wa mafuta ukae mahali pamoja, kwa sababu kila anapoukanyaga na kuuachia mkia humjibu.

Kona ya nusu duara ina hesabu ambayo wengi hawaiamini mpaka waipige wenyewe. Chukua tairi zuri la barabarani linaloweza kulistahimili gari kwa nguvu ya pembeni inayolingana na uzito wa gari lenyewe. Ukizunguka kwa nusu kipenyo cha mita 15, unaweza kwenda kama kilomita 44 kwa saa na utaimaliza nusu duara kwa sekunde 3.9. Ukijipanua hadi mita 18 utafika kilomita 48 na utajisikia mwepesi, lakini njia imerefuka na utatumia sekunde 4.25. Umepoteza theluthi ya sekunde huku ukiona kipimo cha mwendo kimepanda. Ndani ya kona ndefu, basi, kaa karibu na koni za ndani, wala usitafute mwendo mpaka pale njia inapoanza kufunguka.

Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama Ford Fiesta ST, Golf GTI, Mini au Honda Civic Type R, hufanya kazi zote kwa matairi mawili: hayo ndiyo yanayokata kona, hayo ndiyo yanayovuta, na hayo ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya breki. Katika kona ndefu kosa la kawaida ni kukanyaga mafuta usukani ukiwa bado umezungushwa sana. Pua hukaidi, gari hupanuka, na dereva huongeza usukani ambao hausaidii. Dawa ni kuachia mafuta kidogo, kungoja pua irudi ndani, ndipo ukanyage. Wazoefu hubeba breki kidogo hadi ndani ya kona ili mkia upungukiwe uzito na usogee nje, na ndiyo maana utaona gari la namna hiyo likipita limeinua gurudumu la nyuma la ndani kama mbwa penye nguzo. Waokota koni hawashangai, nawe usishangae. Wenye magari haya mara nyingi huongeza upepo wa matairi ya nyuma au hukaza fimbo ya nyuma kwa lengo hilohilo la kuulegeza mkia. Civic Type R inasimama mbali kidogo na wenzake kwa sababu ya difu yake ya kimakanika inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya mbele: ukikanyaga mafuta kwa wakati, pua huvutwa kuingia ndani badala ya kukimbilia nje.

Magari yenye injini mbele na msukumo wa nyuma ndiyo shule bora, na kati ya hayo Miata ndiyo darasa la kwanza. Haina nguvu za kukuficha makosa: mwendo ulioupoteza kwa breki isiyo ya lazima huchukua muda mrefu kurudi, kwa hiyo hukufundisha kuuhifadhi. Toyota GR86 na pacha wake Subaru BRZ, zenye injini ya lita 2.4, nguvu 228 na uzito wa kilo 1,280 hivi, husamehe vilevile lakini zinakuruhusu pia kuutoa mkia nje kwa mguu wa kulia. Honda S2000 ni rafiki wa aina nyingine. Ile ya kwanza, yenye injini ya lita 2.0 inayozunguka hadi mara 9,000 kwa dakika, hulala usingizi chini ya mizunguko 6,000, kwa hiyo dereva hujitahidi kuuhifadhi mzunguko wa injini konani. Na akiogopa katikati ya kona akaachia mafuta ghafla, mkia huondoka bila kuaga. Katika gari hilo mahali pa kusubiri ni kabla ya kuingia. Ukishaingia, umeingia.

Corvette za zamani kidogo, hasa zile za 1997 hadi 2004 zenye injini ya V8 ya lita 5.7 mbele, zimependwa sana na wanaotafuta mwendo kwa pesa chache. Gia ya pili hutosha njia nzima. Ndani ya zigizaga na kona ni gari la kuvumilia, lakini usukani ukishanyooka hakuna Miata itakayoliona tena. Subira yake iko mwishoni mwa kona: kadiri mikono inavyorudisha usukani katikati, ndivyo mguu unavyoruhusiwa kushuka. Ukikanyaga usukani ukiwa bado umepinda, gari litakugeuza ukitazama ulikotoka.

Porsche 911 hubeba injini nyuma ya ekseli ya nyuma, kama ilivyokuwa tangu toleo lake la kwanza miaka ya 1960. Pua ni nyepesi, kwa hiyo haikati kona mpaka uielemeze kwa breki. Lakini nyuma ni nzito, kwa hiyo ukitoka unaweza kukanyaga mafuta mapema kuliko mtu yeyote uwanjani, maana uzito tayari umekaa juu ya magurudumu yanayosukuma. Linaloadhibiwa ni kusitasita. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, uzito huhama mbele, na ile injini ya nyuma huanza kuyumba kama gunia lililofungwa vibaya juu ya keria ya basi.

Injini ikiwa katikati, kama katika Porsche Cayman, Toyota MR2, Lotus Elise au Corvette ya sasa, uzito hukusanyika karibu na dereva, na gari hubadili upande kwa wepesi unaofurahisha kwenye milango iliyopishana. Wepesi huo hufanya kazi pande zote mbili. Mkia ukianza kutoka, hutoka upesi na hautoi muda wa kufikiri, hivyo mikono lazima iwe imeanza kusahihisha kabla akili haijatoa taarifa. Singemshauri mgeni aanze na MR2, hata kama ameipata kwa bei ya kutupa.

Wapenzi wa mbio za magari wa Afrika Mashariki watauliza habari za Mitsubishi Lancer Evolution na Subaru Impreza WRX STI. Kwenye lami magari haya ya kuendeshwa kwa magurudumu yote manne hutoka kwenye kona ya polepole kama yaliyorushwa kwa manati, na siku ya mvua huwaaibisha wenye nguvu maradufu. Tatizo ni kuingia: injini imekaa mbele, uzito ni mkubwa, na pua hukaidi ikilazimishwa. Ingia polepole kuliko roho inavyotaka. Zaidi ya hapo turbo huchelewa kuamka, kwa hiyo mafuta hukanyagwa kabla ya mahali unapoyahitaji, na pengo hilo halijulikani kwa kusoma bali kwa kuhesabu koni.

Magari ya umeme yameanza kujaa viwanjani. Tesla Model 3 yenye injini mbili huzidi kilo 1,800, na uzito huo utauhisi kwenye zigizaga, lakini haina gia ya kubadili wala turbo ya kusubiri, na nguvu huja palepale mguu unapogusa. Matairi yake hupata joto upesi.

Kati ya mpito na mpito

Ukirudi kwenye nafasi yako, kabla ya kuvua helmeti, sema kwa sauti au andika mambo mawili: mahali pamoja ulipochelewa, na mahali pamoja ulipofunga breki bila sababu. Usijaribu kurekebisha mambo matano kwenye mpito unaofuata, kwa kuwa sekunde 40 hazitoshi kuyakumbuka. Kisha tazama chaki, pima upepo tena, kwani matairi yakipata joto hupanda psi kadhaa, na uutoe uliozidi. Siku za jua kali wengi huyanyunyizia matairi maji kwa chupa ya bomba, hasa gari likiendeshwa na watu wawili kwa zamu na halipati muda wa kupoa.

Ukiwa njiani na ukaona koni imelala mbele yako kwa kosa la aliyekutangulia, simamisha gari, ionyeshe kwa mkono, na utapewa mpito mwingine. Ukiendelea hadi mwisho, haki hiyo imepotea. Ukionyeshwa bendera nyekundu, simama palepale. Na ukiwa kwenye zamu yako ya kuokota, usiligeuzie mgongo gari linalokuja hata kama koni uliyoifuata iko hatua mbili tu, na weka simu mfukoni.

Muda wako ukisimama kushuka baada ya mipito kadhaa, tafuta mwenye gari la aina yako aliyekuacha kwa sekunde mbili au tatu, umwombe akupe nafasi ya kukaa naye kwenye mpito wa mwisho, jambo ambalo klabu nyingi huruhusu na madereva wengi hulifurahia. Ukishafunga mkanda, usiangalie mikono yake wala miguu yake. Angalia helmeti yake inaanza kugeuka lini kuitafuta kona inayofuata, kisha hesabu koni ngapi zilikuwa bado mbele ya gari.